Amri ya Kuponda

Karakana, 4 Februari

Mwanangu Kamusi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku, maana viti nimeshavifunga kamba. Sababu utaisoma chini, kwanza salamu. Huku wazima, isipokuwa goti la baba yako, ambalo limekuwa kama kitinda mimba: kila siku lina jambo lake. Mama yako anasema upunguze kahawa. Mke wa kaka yako amejifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti ya tromboni. Nimewaambia huyo ni damu yetu, hahitaji kupimwa. Na mwalimu wako wa hesabu hajambo? Mwambie bendi imeanza mazoezi ya harusi yenu, na mimi ndiye nitakayenyoosha tarumbeta zote kabla ya siku hiyo. Yaani ningekuwa mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuandikia Novemba kwamba baraza la mji limenipa amri nifunge karakana. Yule mpima macho aliyehamia chini yangu, mwenye duka la miwani, alilalamika kwamba kila nikipuliza tarumbeta kuijaribu, wateja wake wanaruka kwenye kiti na kusoma herufi zisizokuwepo. Baraza halikuniita hata kuniuliza habari gani. Likaandika tu. Nikapeleka shauri mahakamani, nikangoja.

Alhamisi iliyopita bahasha imekuja. Kurasa tisa za Kiingereza, na unajua Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya nyimbo za bendi. Wakili aliyenisaidia amehama mji bila kuacha anwani. Nikazipeleka kwa Mzee Nukta wa ghorofa ya tatu, karani mstaafu, ambaye kila sentensi anaimaliza kwa kugonga meza kidole kimoja. Akavaa miwani, akaruka mpaka ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

“Dada, kaa chini.”

“Nimekaa.”

“Wametoa amri ya kuponda.” Akagonga.

“Kuponda nini?”

“Hapa pameandikwa karakana, ghorofa ya pili. Kinachopondwa ni hicho. Neno ni kwoshi. Kwoshi na skwoshi, ile ya kunywa, ni mtu na mdogo wake. Hujaona wanavyokamua machungwa?”

Nimekunakilia herufi kwa herufi: q-u-a-s-h-i-n-g, na linalofuata ni order, ambalo hata mimi najua ni amri.

Mwanangu, miaka thelathini na sita nimenyoosha tarumbeta za watu humu, na babu yako kabla yangu. Sitazingoja zipondwe kama makopo. Jumamosi nahama. Sikuandikii unihurumie. Ila wewe ni mkalimani wa mahakama, unashinda na maneno haya kama mimi ninavyoshinda na lehemu, nami ningependa kujua tu: wataleta mashine, au watatumia nyundo?

Shangazi yako.

Simu usinipigie. Sikio la kushoto nililiacha zamani ndani ya tuba, ile tarumbeta kubwa kuliko zote, na la kulia husikia linachotaka.


Chumba cha wakalimani, 27 Februari

Shangazi, shikamoo, na hiyo kamba ifungue!

Nisamehe, salamu zimebanwa mlangoni na habari. Hakuna anayekuja kukuponda. Umeshinda. Rudia kusoma: umeshinda.

Barua yako nimeikuta leo asubuhi, kwa sababu jaji wetu alikuwa na vikao nje ya mji wiki mbili, nami hufuatana naye kama mkoba wake. Nimempigia baba simu mara nne; bila shaka ameiweka kabatini isichakae. Kwa hiyo natuma hii kwa posta ya haraka, na naomba isitembee kwa miguu.

Sikiliza. Neno ni quash, na matamshi ya Mzee Nukta hayana kosa. Ni kitendo cha mwenye mamlaka, au mwenye nguvu, juu ya jambo lisiloshikika kwa mkono. Mahakama ikiona hukumu, au amri, au uamuzi wa baraza umekwenda kinyume cha sheria, inafanya quash: sisi tunasema imeutengua, imeubatilisha. Unahesabika kama haukuwepo. Basi hiyo “amri ya kuponda” ni amri ya kutengua, na kilichotenguliwa ni ile barua ya baraza ya kufunga karakana. Karakana yenyewe imesimama palepale.

Mwingereza analitumia hilohilo kwingine. Jeshi likimaliza uasi, neno ni quash. Sisi tunasema uasi umezimwa. Msemaji wa kampuni akitoka mbele ya waandishi kusema mkurugenzi hajajiuzulu, amefanya quash ya uvumi. Sisi tunasema ameuzima. Hata matumaini ya mtu yanaweza kufanyiwa hivyo, na hapo tunasema amekatwa tamaa. Mwenzetu anafungua milango minne kwa ufunguo mmoja; sisi kila mlango una wake, ndiyo maana mkoba wangu mzito.

Kisichowezekana ni quash ya kitu chenye mwili. Nyanya, mende, kofia uliyoikalia, hizo hupondwa, na kuponda ni squash, yenye s mbele, na ndiyo iliyompoteza mzee. Mkutano haukubali quash, huahirishwa. Safari hufutwa. Uchumba nao haukubali, kwa sababu hakuna baraza lililoutoa. Ni ahadi ya watu wawili, na mmoja wao akiona haisimami anaivunja tu, kwa mdomo wake mwenyewe, bila rufaa, na hiyo haina maana kwamba haikuwepo. Ilikuwepo, na kila aliyeiona ana haki ya kukumbuka kwamba ilikuwepo, hata kama sasa. Basi. Mifano inatosha.

Mimi mzima. Kahawa nimepunguza. Mbusu mtoto wa tromboni.

Wako, Kamusi.


Karakana, lakini tupu, 19 Machi

Kamusi wangu,

Marahaba. Posta yako ya haraka imechukua siku kumi na saba; ile ya kawaida huchukua kumi. Safari ijayo tuma ya polepole.

Wote wazima. Goti limelala. Mtoto halali.

Nilihama, mwanangu. Jumamosi ileile niliyosema, maana mimi nikisema Jumamosi siendi Jumatatu. Meza ya kazi nilimpa seremala. Jiliwa ya kubania vyuma nilimpa fundi baiskeli, na alivyoishika nikajua kuirudisha itakuwa vita. Tarumbeta kumi na moja za wateja alikuja kuzichukua kiongozi wa bendi mwenyewe, kwa mkokoteni, safari tatu, hakusema zaidi ya “pole” na “shika hapa.” Baba yako alimkuta kwenye ngazi akageukia ukuta mpaka apite, kama kawaida yao. Na kile kibao cha nje, TUNANYOOSHA KILA KILICHOBONYEA, nilimgawia mama muuza mayai.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikapanda kwa Mzee Nukta nikamsomea yeye. Alivaa miwani, akaivua. Mwisho akasema, “Kiingereza kimebadilika tangu nistaafu.” Akagonga meza, lakini taratibu.

Basi tangu ifike nimekuwa mtu wa kuomba vitu vyangu. Seremala kanirudishia meza, tena kaipiga randa. Fundi baiskeli alisema jiliwa amekwisha kuizoea. Nikamwambia na mimi nimeizoea miaka thelathini na sita, tuone ni mazoea ya nani mazito. Kanipa. Kwa mama muuza mayai nimeshindwa. Kibao ni mlango wa banda la kuku sasa, na anaapa tangu akiweke wanataga mara mbili. “Dada,” ananiambia, “hapa ndipo kinapofanya kazi.” Nimemwachia.

Sasa nina maswali, maana neno lako limenikaa mdomoni. Naweza kukwoshi mkoromo wa baba yako? Kiu je? Mzee Nukta anasema kiu inakwoshiwa kwa maji, lakini mzee huyu simwamini tena. Na mpima macho naweza kumkwoshi? Mahakama itaniruhusu?

Halafu jambo moja. Nimehesabu mifano yako. Hukumu umeipa mistari yake, uasi mstari mmoja, uvumi mmoja na nusu, nyanya na mende wamegawana mmoja. Uchumba, ambao wala haukuhusika, umeupa minne, na wa mwisho hukuumaliza. Wewe tangu uanze kuandika hujaacha sentensi bila mkia. Mwalimu wa hesabu nilimuuliza kwa jina la kazi yake, hukunijibu hata kwamba ana mafua.

Sikuulizi kitu. Nimehesabu tu.

Shangazi.


Chumba cha wakalimani, 8 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimecheka kuhusu kuku mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji. Huku kuna joto na kesi nyingi za viwanja. Viatu vyangu vyeusi vimefumuka, nimevipeleka kwa fundi, naenda kazini na vya kahawia na hakuna aliyekufa.

Majibu yako. Mkoromo haukubali quash. Hunyamazishwa, na kwa mkoromo wa baba hata hilo ni ndoto. Kiu hukatwa, na Kiingereza chake ni neno jingine, quench, linaloanza na herufi zilezile. Mwambie Mzee Nukta amekaribia. Hasira, kama utauliza safari ijayo, huzuiwa. Mpima macho ana mwili: ukimfanyia quash utakuwa umemfanyia squash, na tutakutana mahakamani nikikutafsiria.

Lakini hapa acha kucheka. Nimeusoma ukurasa wa sita wa hukumu, ulioninakilia kwa mkono ukautia ndani ya barua yako ya mwisho. Mahakama haikusema huna kelele. Imesema baraza lilikosea kuamua bila kukusikiliza. Kutengua ni kurudisha jambo mwanzoni. Baraza linaweza kukuita, kukusikiliza, na kuamua upya, hata kukufunga tena, safari hii kwa utaratibu. Wakikuita, nenda. Usimpeleke Mzee Nukta. Na usiwaeleze sauti ya tarumbeta kwa maneno. Waambie waje waisikie.

Hilo jingine nitaandika siku nyingine.

Wako.


Karakana, 30 Aprili

Kamusi,

Marahaba, na viatu vya kahawia vinakupendeza zaidi, vile vyeusi vilikufanya kama shahidi.

Mtoto ameota jino. Baba yako ametoa simu kabatini, akakuta imekufa, akaifanyia matanga ya siku moja, akairudisha.

Wameniita! Barua hii ya sasa waliiandika kwa Kiswahili, nadhani wamejifunza. Nikafanya ulivyosema. Nikawaambia wajumbe watano wa baraza: sitasema neno, njooni dukani kwa mpima macho, kaeni kwenye kile kiti chake, msome herufi za ukutani, mimi nitakuwa juu napuliza. Kama mtasoma vibaya, nitafunga mwenyewe. Mpima macho akakubali mara moja, akaona nimejichimbia shimo. Nikapanda ngazi. Nilichagua tarumbeta mbaya kuliko zote, ile ya bendi ya shule iliyokaliwa na mwalimu mkuu. Nilisema nikipona kwa hii, nimepona.

Yaliyotokea chini nimesimuliwa na wanne kati yao. Mjumbe wa kwanza aliruka nilipopuliza, akacheka, akasoma mpaka mstari wa mwisho. Wa pili hakuruka. Wa tatu alisoma huku anapiga mguu chini kufuata mdundo. Wa nne sawasawa. Akakaa mwenyekiti. Nikapuliza, akasoma herufi kubwa ya juu kabisa, ile ambayo hata kuku wa mama muuza mayai wangeisoma, akaikosa. Mpima macho akatabasamu. “Mnaona?”

Mjumbe wa kwanza akapaza sauti ngazini: “Mama, nyamaza kidogo!”

Nikanyamaza. Mwenyekiti akasoma tena, kwa ukimya. Akakosa tena. Akakosa na ya pili. Mpima macho akasahau kesi, mwanangu; nasema kwa heshima, yule mtu anaipenda kazi yake. Akavuta kiti chake karibu, akashika kidevu cha mheshimiwa. “Tangu lini?” akamuuliza kwa upole. “Unasomaje karatasi za ofisini?”

“Sizisomi,” mwenyekiti akasema. “Natia sahihi pale karani anapoweka kidole.”

“Na ile ya kufunga karakana?”

“Nilidhani ni kibali cha choo cha soko.”

Nimefika chini nimekuta wameshamvalisha miwani ya majaribio, anasoma kila kitu kwa sauti, mpaka tangazo la saa za kufungua duka. Wamekubaliana hivi: nitapuliza saa tano mpaka saa sita mchana, na saa hiyo mpima macho atakuwa anatengeneza fremu, hapimi mtu. Nje ya hapo nigonge na kulehemu nitakavyo. Mpima macho alinipa mkono. Nikamwambia kwamba babu yako angempenda. Hilo lilikuwa uongo, lakini ulikuwa wa kirafiki.

Sasa hayo mengine. Mke wa kaka yako ana dada yake huko mjini kwenu. Habari imefika hapa imevaa na imechana nywele: kwamba mwalimu wa hesabu amekuacha kwa sababu ya maringo yako, na kwamba una jaji. Mama yako ameacha kwenda dukani kwa miguu, anapitia nyuma. Baba yako anasema hajasikia kitu, ndiyo ujue amesikia.

Uliniandikia kwamba uvumi unakubali quash. Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, huu nauzima? Pili, nauzima kwa kitu gani, maana maji sina. Nina uzoefu na uvumi, mwanangu, tena wa miaka mingi, ila si uzoefu wa kuandika kwenye karatasi.

Shangazi.


Chumbani kwangu, 21 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tatu. Mbili za mwanzo zilikuwa na salamu nzuri sana.

Jaji wetu ni mwanamke. Ana miaka sitini na mitatu na wajukuu wanne, na anavaa soksi za mmoja wao kwa bahati mbaya angalau mara moja kwa mwezi. Mwambie hivyo dada wa huyo wifi.

Mwalimu hakuniacha. Nilimwacha mimi, Januari, kabla hujaniandikia habari za amri ya kuponda. Hana kosa lolote, ndiyo maana nimeshindwa kuandika. Mtu akikupiga, barua inajiandika. Huyu alikuwa mwema. Alikuwa akisafiri kwenda kwao, ananiandikia kila wiki. Na mimi nikagundua kwamba wiki barua yake ilipochelewa nilifanya kazi vizuri, nikalala vizuri, nikanunua matunda. Yako ikichelewa, naenda posta mara tatu kwa siku mpaka yule wa dirishani ananiambia “bado” kabla sijafungua mdomo. Nikajiuliza: nitaolewa vipi na mtu ambaye ukimya wake unanipumzisha?

Nilimrudishia pete chumba cha walimu, mezani, katikati ya chaki na madaftari ya watoto. Akaniuliza, “Hakuna rufaa?” Nikamwambia hakuna. Akacheka. Halafu hakucheka. Nikatoka, nikasahau mwavuli, na sitaufuata.

Sikusema kwa sababu mama alishamwambia kila mtu, na wewe ulikuwa umeshaanza kunyoosha tarumbeta. Na kwa sababu mimi kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine bila kukosea. Ya kwangu sikuwa na mazoezi.

Umeuliza kuhusu uvumi. Msemaji wa kampuni huuzima kwa kukanusha, lakini huu wangu nusu yake ni kweli: uchumba umevunjika. Ukikanusha wote utakuwa mwongo. Ukinyamaza nao utanona. Sijui, Shangazi. Kamusi yenyewe inaishia hapo. Fanya utakavyoona, nakupa ruhusa yote.

Ila na mimi nataka kuuliza. Uzoefu upi wa miaka mingi? Nyumbani tuliambiwa kwamba kiongozi wa bendi alikuacha wiki moja kabla ya harusi, ndiyo maana baba hampi mkono. Nilikua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Ndivyo ilivyokuwa?

Wako.


Kwa baba yako, kibarazani, Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, moja ya salamu na moja ya barua yako, ambayo nimeisoma peke yangu nikaiweka ndani ya tuba ambapo Mzee Nukta hafiki.

Leo nimekula hapa kama kila Jumapili. Tulikuwa wote mezani: baba yako, mama yako, kaka yako, mkewe na mtoto. Sikuwa nimepanga kitu. Mke wa kaka yako akasema, huku anajipakulia, “Nasikia huyo jaji ana gari kubwa.”

Nikaweka kijiko chini. Nikasema jaji ni bibi wa wajukuu wanne. Nikasema na mwalimu hakumwacha mtoto wetu; mtoto wetu ndiye aliyemwacha, akamrudishia pete kwa mkono wake, mchana kweupe, na mwalimu ni mtu mwema na atakayemsema vibaya asile kwenye meza hii. Sababu anayo mwenyewe, si ya kuwekwa katikati ya sahani.

Mama yako akasema, “Na watu nitawaambia nini?”

“Hayohayo.”

“Hivyohivyo tu?”

“Hivyohivyo. Mwenye habari akishaisema yeye, wa kuivumisha anabaki na nini?”

Mama yako akafikiri. Akasema, “Basi kesho nitapitia mbele.” Hilo ndilo jibu lake, na kwa mama yako ni kubwa.

Ningenyamaza hapo ningekuwa nimemaliza kazi uliyonituma. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na swali lako lilikuwa limenikaa kifuani wiki nzima. Uliniandikia kwamba mwenye kutengua lazima awe na mamlaka. Nikajiuliza nani ana mamlaka juu ya uvumi. Nikaona ni yule aliyeunyamazia. Nikasema, “Na mimi vilevile.”

Baba yako akainua kichwa.

Nikawaambia. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, kiongozi wa bendi nilimkataa mimi. Alitaka tuhame, nizunguke naye na bendi, niache karakana. Alikuwa ananipenda na mimi nilikuwa nampenda, lakini kila nikifikiria karakana bila mimi ndani nilikosa pumzi. Nilimwambia kwenye ngazi, pale baba yako anapogeukia ukuta. Akasema, “Baba yako akijua umekataa wewe, atakutoa kazini. Acha waseme nimekuacha mimi. Mimi naondoka, wewe unabaki.” Nikakubali. Nilidhani ni uongo wa wiki mbili. Babu yako aliishi miaka tisa zaidi, na alipokufa uongo ulikuwa umeshaota mizizi, na yule mtu alikuwa amesharudi mjini na bendi yake, anabeba jina baya begani kama anavyobeba tuba, bila kuniuliza nitaliondoa lini. Na mimi sikuliondoa. Niliona haya. Kila mwaka uliopita ulizidisha haya. Hiyo ndiyo sehemu yangu mbaya, mwanangu, wala usiipambe ukiitafsiri.

Mtoto alitukodolea macho. Kaka yako akaangalia dari. Baba yako alikuwa ameshika kipande cha mkate, hakukila wala hakukiweka.

“Miaka thelathini na mmoja,” akasema, “sijampa mkono yule mtu.”

“Najua.”

“Alipofiwa na mama yake, nilipita mlangoni kwake nikaangalia upande wa pili.”

“Najua, kaka.”

“Na yeye hakusema kitu.”

“Hakusema.”

Nilingoja anigombeze. Ningestahili. Badala yake akasimama, akaenda kutafuta viatu, akarudi kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi. “Anakaa nyumba ipi siku hizi?”

“Nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani.”

“Na chakula?” mama yako akauliza.

“Kifunike.”

Ameondoka saa saba. Sasa saa kumi imepita. Mama yako amekwenda getini mara mbili akijifanya anamwagilia maua, nasi hatuna maua upande ule. Mimi nimeomba karatasi nikakaa hapa nikuandikie, ili mikono iwe na kazi. Sijui wanasemezana nini. Sijui kama atanisamehe yeye, au yule mwingine, au kama kuna la kusamehewa. Wewe usiharakishe kuolewa ili kutupendeza, wala usikatae kuolewa ili kunifuata. Mwezi wa Agosti mahakama ikifunga, njoo ukae wiki mbili. Saa tano mpaka saa sita tutapuliza, saa nyingine tutakula.

Ngoja. Wanakuja. Wako wawili, wanatembea katikati ya barabara kama watu wasiojua magari yapo. Baba yako anaongea, anaongea, sijamwona akiongea hivyo tangu tukiwa watoto, na mwenzake ameinamisha kichwa upande wake ili asipitwe na neno. Mama yako ameshaingia ndani kuongeza sahani. Nami naacha kalamu hapa, nikawafungulie geti.

Shangazi yako.